Agosti Tuliyokwenda Kuona Mpunga

Matope ya shamba la mpunga yana harufu yake. Matope ya kwetu Kieni yakilowa hunuka vumbi lililomwagiwa maji, basi. Ya Mwea hunuka kitu kilichokaa kikaiva: majani, maji ya mto, ng'ombe, na ndani kabisa utamu mdogo kama wa uji uliolala. Majuzi nilikuwa nikipita huko na mwanangu, tukasimama kando ya barabara kununua mchele. Nilipofungua mlango wa gari harufu ile ikanijia usoni. Nikabaki nimesimama, mkono kwenye mlango, hadi mwanangu akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka minane, nimeshika gauni la mama yangu, naogopa kuliachilia.

Tulikaa huko Kieni, ndani kidogo kutoka Chaka, kwenye shamba ambalo Baba alilipata wakati ardhi ya walowezi ilipogawanywa. Nyinyi wa rika langu mtaikumbuka Chaka ya wakati ule: maduka machache ya mabati, kondoo waliofungwa miguu siku ya soko, na upepo wa Agosti unaopita katikati ya sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Mlima ulikuwa upande wa jua kuchomoza. Asubuhi ukijitokeza, tuliutazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, kisha tukaendelea na kazi.

Baba alikuwa dereva wa gari la watalii katika hoteli moja upande wa Nyeri. Alivaa koti la kaki na kofia yenye ukingo mpana, na viatu vyake vilinukia rangi ya viatu hata siku ya Jumapili. Mimi nilidhani Watalii ni kabila. Walikuwepo Wakikuyu, Wameru, Wakamba, na walikuwepo Watalii, watu wekundu wenye magoti wazi, ambao mila yao ilikuwa kuamka kabla ya jua na kwenda kumtazama ndovu akinywa maji. Niliamini wana nchi yao, na kwamba kwao hakuna ndovu wala mlima, ndiyo maana wanatuonea wivu. Kwamba mtu wa kwetu angeweza kuondoka nyumbani, asiende msibani, wala sokoni, wala kazini, aende tu kutazama, hilo halikunipitia akilini. Sidhani lilimpitia Mama pia. Mama, tangu aolewe, hakuwa amevuka Karatina, isipokuwa alipokwenda kwao Kiriaini kuzika au kuozesha.

Mwaka huo Mama alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakuishi. Mwaka wa kabla yake ilikuwa vivyo hivyo. Mara ya kwanza alilia, watu wakaja, wakaimba, wakaleta uji. Mara ya pili hakulia. Alirudi kutoka hospitali akakaa kwenye kigoda karibu na meko, na ni kama hakuinuka tena. Alipika, alifua, alinichana nywele, lakini maneno yalimwisha. Shamba lake la viazi liliota magugu hadi wapita njia wakalitazama mara mbili. Majirani walipofika walizungumza habari za mvua na bei ya maziwa, wakaangalia miguu yao, wakaaga mapema. Hakuna aliyetaja mtoto. Mimi nilijifunza kutembea ndani ya nyumba bila kufanya kelele.

Baba alikuwa na rafiki, Musyoka, Mkamba aliyeendesha lori la kubeba viazi vya Kieni kuvipeleka mikoa ya chini. Kwa kuwa hakujua Kikuyu, yeye na Baba waliongea Kiswahili, kile cha kwetu cha barabarani. Jioni moja Musyoka alipita akaacha mfuko mdogo wa mchele. "Mimi siko na maneno, Mama Wangui," alimwambia Mama. "Niko na hii tu. Imetoka Mwea." Akaenda zake.

Wali kwetu ulikuwa chakula cha Krismasi. Kesho yake Mama aliumimina mchele kwenye ungo, akaanza kuchagua mawe. Baba alikuwa anavua viatu mlangoni. Mama akashika punje moja katikati ya vidole, akaitazama kwenye mwanga wa meko, akasema, "Hiki kitu huota vipi? Ni mti, au hutambaa kama maharagwe?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akiuliza jambo. Baba alibaki na kiatu kimoja mkononi. Mtu huyu alishinda kutwa akijibu maswali ya wageni, ndovu hula nini, chui hulala wapi, theluji ya mlima haiyeyuki kwa nini. Akasema polepole, "Mimi sijui."

"Wewe huwaonyesha watu dunia yote," Mama akasema. Hakuwa na hasira. Alirudi kuchagua mawe.

Sikujua kilichoendelea kati yao baada ya hapo. Nilichokiona ni kwamba siku chache baadaye Baba aliomba likizo Agosti, mwezi ambao hoteli hujaa hadi wageni wengine wanarudishwa, na msimamizi wake akamwambia asishangae akirudi akakuta mtu mwingine ameshika usukani. Kisha nikamwona Mama akilitoa sanduku lake chini ya kitanda, lile alilokuja nalo alipoolewa, akalipangusa na kuanza kukunja nguo ndani.

Niliambiwa tunakwenda Mwea kuona mpunga, nikaenda kuteka maji nikiwa na furaha ya safari. Pale bombani nilimkuta jirani yetu, Mama Gathoni, akizungumza na mwenzake, wamenipa mgongo. "Mwanamke akifunga sanduku baada ya mambo kama hayo," alikuwa akisema, "jua anarudishwa kwao. Mwanamume anataka mtoto wa kiume. Utamlaumu?"

Niliteka maji, nikarudi nyumbani, nikayaweka chini. Sikumwambia mtu. Kwa akili yangu ya wakati ule, jambo likisemwa kwa sauti ndipo hutokea.

Tuliondoka alfajiri na lori la Musyoka, viazi nyuma, sisi wote tumeketi mbele, mimi mapajani pa Mama na sanduku miguuni petu. Niliukamata ukingo wa gauni lake, nikauzungusha kwenye ngumi. Tulipopita Kiganjo nikafikiri, ni hapa atakaposhushwa. Lori halikusimama. Karatina likasimama, na Mama akashuka kununua ndizi. Nilishuka nikimfuata hata kabla miguu yake haijagusa chini.

"Kaa ndani, Wangui, kuna matope," akasema.

"Nataka kuona ndizi."

"Ndizi huzijui?"

Musyoka akacheka kwenye usukani. "Mwache aone. Leo kila mtu anaona."

Kuanzia Sagana baridi ilianza kubaki nyuma yetu. Nilivua sweta. Barabara ilishuka, hewa ikawa nzito, migomba ikapungua, ardhi ikalala. Halafu, bila kutangulizwa na kitu, dunia ikawa maji. Maji kila upande, yamegawanywa kwa kingo nyembamba za udongo, na ndani ya maji mbingu, na juu ya mbingu hiyo majani mabichi madogo yamesimama mistari kwa mistari. Korongo weupe walitembea humo kama watu waliopoteza kitu. Mama aliinama mbele hadi paji lake likagusa kioo.

"Ni majani," akasema. "Ni majani tu, kama nyasi."

"Ndiyo hiyo," Musyoka akasema. "Mchele ni nyasi, Mama Wangui. Hata mimi mara ya kwanza nilikataa."

Mahali alipotuacha hapakuwa na kibao wala lango. Palikuwa kijiji cha wakulima wa mpunga: nyumba za udongo zilizopangwa mstari mmoja, mfereji mbele, baiskeli zimeegemezwa ukutani, na chandarua kimeanikwa kwenye ua. Mwenyeji wetu, mwanamke ambaye nyumbani kwake na mumewe ndiko Musyoka alikolala alipochelewa njiani, aliitwa Mama Njoki. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa, na Kikuyu chake kilikuwa na mdundo wa Kirinyaga uliotufanya mimi na Mama tutazamane. Watoto wa kijiji wakaja kutuzunguka. Mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa ni watalii?"

"Ndio," akajibu Mama Njoki. "Wametoka Nyeri kuja kutazama mpunga."

Hilo liliniudhi sana. "Sisi si Watalii," nikasema. "Sisi ni Wakikuyu."

Watu wazima wakacheka. Hata Mama mdomo wake ulicheza. Baba alivua kofia, akachuchumaa mbele yangu, akanieleza kwamba mtalii si kabila, ni mtu yeyote aliyetoka kwao akaenda kuona kwa wengine. "Hata mimi?" nikauliza. "Hata wewe. Kuanzia leo asubuhi." Ilikuwa habari kubwa mno kwa siku moja, na bado nilikuwa nimebeba ile nyingine ya bombani.

Jioni hiyo tulikula samaki wadogo wa mferejini na ugali. Mama Njoki alimwuliza Mama, bila kuzunguka, huku akitoa mwiba mdomoni, "Uko na watoto wangapi?"

Niliacha kutafuna. Baba alitazama sahani yake. Kwetu hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Mama swali hilo.

"Mmoja," Mama akasema. "Na wawili wako mchangani."

"Basi ni watatu," akasema Mama Njoki. "Mimi ni watano. Watatu unawaona hapa. Wangu waliitwa nani nitakuambia kesho tukiwa kazini, na wewe uniambie wako. Unajua kupanda?"

"Mpunga sijui."

"Hakuna la kujua. Kuna kuinama tu."

Mama aliweka mkono usoni, akalia. Hakulia kwa sauti. Mama Njoki hakumnyamazisha. Aliendelea kula, na mara moja akamsogezea kipande cha samaki. Baba akanishika mkono tukatoka nje, tukasimama kwenye ukingo wa mfereji tukisikiliza vyura. Nilidhani vyura wote wa duniani walikuwa wamekutana pale.

Asubuhi niliamka nikatoka nje, nikauona mlima. Lakini ulikuwa upande usio wake, umekaa kaskazini juu ya maji, na vilele vyake vimepangwa kwa namna nyingine kabisa. Nilikimbia kumwambia Baba kwamba huku wana mlima wao, mdogo wake yule wetu. Alinipeleka shambani, akanigeuza kwa mabega.

"Ni ule ule, Wangui. Ni sisi tuliozunguka."

Sikumwamini siku nzima.

Mama alikuwa ameshaingia majini. Alikuwa amefunga gauni magotini, kitambaa kimekazwa kichwani, na yuko katikati ya mstari wa wanawake walioinama. Alichukua mche kutoka kwenye fungu la mkono wa kushoto, akauzamisha kwa vidole vya kulia, akarudi nyuma hatua moja. Mwanzoni miche yake ilielea, wenzake wakamcheka, naye akaifuata na kuizamisha tena. Nilimsikia akisema kitu, Mama Njoki akajibu, kisha akasema tena, kirefu zaidi. Sikusikia majina. Nilisikia tu kwamba sauti ya Mama imerudi, inapita juu ya maji, wakati mwingine ikikatika, wakati mwingine ikiendelea. Baba alisimama kwenye ukingo na kofia yake ya kazi mkononi, hana wa kumwelekeza wala cha kueleza, akatazama tu. Baada ya muda akavua viatu vyake vinavyong'aa, akakunja suruali, akaingia naye. Wanawake walipiga vigelegele. Alipanda vibaya kuliko wote.

Tulikaa huko mpaka Musyoka alipopita tena. Ngozi yangu ilijaa alama za mbu, na nilikuwa nimeanza kusahau bombani na maneno ya bombani. Ndipo, tukiwa tumeshapanda lori, Musyoka akasema, "Kurudi tunapitia Kiriaini. Nachukua ndizi huko."

Kiriaini ndiko kwao Mama.

Njia nzima ya kupanda niliushikilia tena ukingo wa gauni la Mama. Hewa ikarudi kuwa baridi, chai ikaanza kuonekana kwenye miteremko, kijani kilichonyolewa sawasawa, na kahawa chini yake. Kwa mtu mwingine ingekuwa njia nzuri. Lori liliposimama juu ya kijiji cha nyanya yangu, Mama akashuka. Baba akashuka. Mimi nilikalia sanduku.

"Wangui, shuka," Baba akasema.

"Sishuki."

"Kwa nini?"

"Unamrudisha Mama kwao."

Mama alikuwa ametangulia hatua kadhaa, hakusikia, au nilidhani hakusikia. Baba alipanda tena, akaketi kando yangu. Musyoka alikumbuka ghafla kwamba anataka kuangalia magurudumu. Nilitegemea Baba acheke, au anikemee. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nani alikuambia?"

"Mama Gathoni."

"Mimi simrudishi mtu," akasema. Alitazama mbele, kwenye kioo chenye vumbi. "Lakini mama yako akitaka kukaa hapa, siwezi kumfunga kamba. Umeelewa?"

Nilielewa, na ilikuwa mbaya kuliko nilivyoogopa, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kumwomba. Baba alilibeba sanduku begani, tukashuka kwenye njia ya utelezi katikati ya kahawa.

Nyanya alikuwa mlangoni. Alimshika Mama kwa mikono yote miwili, akamtazama juu hadi chini, akaliona sanduku. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Umekuja kukaa?" akauliza.

Kuku walikuwa wakiparura uani. Nakumbuka jogoo alikuwa na jicho moja bovu, kwa sababu nilimtazama yeye ili nisimtazame Mama.

"Nimekuja kukuambia mchele huota vipi," Mama akasema. Akanyoosha mikono yake. Kucha zote bado zilikuwa na weusi wa Mwea. "Maitu," akamwita mama yake, "ni nyasi. Inasimama ndani ya maji. Nimeipanda mimi mwenyewe."

Nyanya alivishika vidole vile, akavigeuza. "Ndani ya maji," akasema. "Haiozi?"

"Haiozi."

Wakaketi. Mama alizungumza mchana kutwa. Alieleza korongo, vyura, na Baba alivyozama hadi kiunoni karibu na mfereji, jambo ambalo Baba alilikanusha. Alieleza habari za Mama Njoki, na alipofika hapo akasema mbele ya nyanya, kwa utulivu, majina ambayo angewapa wanawe wale wawili, na nyanya akayarudia. Musyoka alipopiga honi kule juu barabarani, Mama alisimama, akajipangusa gauni, akamwambia Baba, "Beba sanduku. Tusimcheleweshe mwenye lori." Nilikimbia mbele yao kuipanda ile njia, nikaanguka kwenye utelezi, nikainuka, nikaendelea kukimbia.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa karibu kuolewa, Mama aliniambia yaliyobaki. Nguo zake zote zilikuwa ndani ya sanduku lile. Yeye ndiye aliyemwambia Baba kwamba nyumba ya Chaka imemshinda, kwamba anataka kurudi kwa mama yake na kunichukua baadaye. Baba hakubishana naye. Alisema, "Sawa. Nitakufikisha. Lakini tupitie Mwea kwanza, ukaone ule mpunga."

Mama Gathoni alikuwa amekosea kuhusu nani anamwacha nani, na mimi pamoja naye. Kuhusu sanduku hakukosea.

Baba alirudi kazini akakuta amepokonywa gari, akaosha magari ya wenzake kwa muda kabla ya kurudishiwa usukani. Sikumsikia akilalamika. Mtoto mwingine hakuja. Nilibaki peke yangu, na watu waliendelea kusema wanayosema watu. Lakini viazi vya Mama vilipaliliwa, na Agosti iliyofuata ni yeye aliyeuliza kama Musyoka ana safari. Tulikwenda kuona bwawa katikati ya chai upande wa Othaya, na mwaka mwingine maporomoko ya maji ambayo hata watu wa huko waliyaita tu "pale mto unapoanguka". Baba alisema kwamba hoteli humlipa kuwapeleka watu mahali penye kibao, na mkewe humlisha ili ampeleke mahali pasipo nacho.

Majirani walianza kwa kucheka. Mwanamke na shamba lake aende kutazama maji? Halafu mmoja akaja jioni kuuliza kama lori lina nafasi ya mtu mmoja, akaja mwingine. Mwishowe kikundi cha akina mama wa kwetu, kilichokuwa kimeanzishwa kwa ajili ya mabati na matangi ya maji, kikakubaliana kwamba mara moja kwa mwaka kitakodi lori, hakitabeba kitu cha kuuza, na hakitakwenda kwenye mazishi ya mtu.

Nilikuwepo safari ya kwanza. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeketi nyuma na wanawake wenye leso zao bora na vyungu vya githeri, mahindi kwa maharagwe, vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Musyoka alitupeleka juu, mahali ambapo barabara ilikwisha kwenye ukingo wa msitu, na chini yetu palikuwa na bonde ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuliona, lina mto, mashamba madogo, na moshi wa nyumba moja moja. Walishuka wakasimama mstari mmoja. Wanawake wale, ambao sikuwahi kuwaona wamesimama bila mzigo mgongoni, hawakuwa na mzigo. Upepo ulipuliza leso zao.

Kisha mzee kuliko wote, mjane ambaye maisha yake yote alikuwa hajatoka Kieni, akanyoosha kidole kwenye kilima cha upande wa pili.

"Na nyuma ya kile," akauliza, "kuna nini?"

Wote wakamgeukia Mama. Mama akakinga jua kwa kiganja, akakitazama kilima.

"Sijui," akasema, na huku akimwuliza Musyoka njia ya kufika huko, akaanza kupanda tena lori.